Kabla ya Kuilaumu Data: Kupima Faili za Programu kwenye Seva ya PostgreSQL

Hifadhidata ikianza kuanguka bila sababu inayoeleweka, msimamizi huanza na data. Anapima majedwali, anajenga faharasa upya, anaangalia nafasi iliyobaki kwenye diski. Yote hayo yana maana. Kinachosahaulika ni programu yenyewe inayoisoma data hiyo. Faili ya postgres iliyolala kwenye diski ni baiti kama baiti nyingine zozote. Sekta ya diski ikifa, umeme ukikatika katikati ya usasishaji, biti moja ikigeuka ndani ya RAM, au mtu akibadilisha maktaba kwa mkono, programu huharibika. Na si lazima ianguke siku hiyohiyo. Inaweza kuendelea kutoa huduma kwa muda mrefu huku ikikosea mahali pamoja tu, kwenye kipande cha kodi kisichoguswa mara kwa mara.

PostgreSQL ina chekisamu za kurasa za data tangu toleo la 9.3 la mwaka 2013, na kuanzia toleo la 18 la mwaka 2025 zinawashwa zenyewe hifadhidata mpya inapoundwa. Ni kinga nzuri, na kama seva yako haina, panga kuiwasha. Lakini inalinda data peke yake. Tena chekisamu hukokotolewa wakati ukurasa unapoandikwa kwenye diski, kwa hiyo programu iliyoharibika ikiandika thamani ya uongo, ukurasa ule utapewa chekisamu iliyo sahihi kabisa. Mifumo ya faili ya ext4 na XFS nayo huweka chekisamu kwenye taarifa zake za ndani, wala haigusi yaliyomo ndani ya faili. Ukijumlisha hayo, kwenye seva nyingi hakuna kitu chochote kinachokagua faili za programu. Kazi hiyo ni yako. Mifano ninayotoa hapa ni ya PostgreSQL 15 juu ya Debian 12. Penye tofauti na Red Hat nitasema.

Anza na logi

Mstari wa kutafuta kwenye logi ya PostgreSQL ni wa namna hii:

server process (PID 2417) was terminated by signal 11: Segmentation fault

Namba ya signali ndiyo habari. Signali 9 mara nyingi ni kerneli imeua mchakato kwa sababu RAM imekwisha. Hilo ni tatizo la ukubwa wa mashine au mipangilio, usilihesabu hapa. Signali 11 inaweza kuwa hitilafu ya kawaida ya programu, inaweza kuwa faili iliyoharibika. Signali 4 inastahili umakini zaidi: maana yake prosesa imepewa agizo isilolijua, jambo ambalo programu nzima iliyokompailiwa kwa ajili ya prosesa hiyo haitakiwi kulifanya. Signali 7 hutokea pale kerneli ilipojaribu kuleta kipande cha programu kutoka diskini ikashindwa, au faili ilipofupishwa huku ikitumika.

Kisha nenda kwenye logi ya kerneli kwa journalctl -k. Kila mchakato unapoanguka kwa signali 11, kerneli huandika mstari unaotaja faili ambamo ajali imetokea, kwa mfano plpgsql.so, pamoja na anwani iliyoandikwa ip (ya agizo lililokuwa likitekelezwa, si ya mtandao) na, ndani ya mabano ya mraba, anwani ambapo faili hiyo imepakiwa. Toa ya pili kwenye ya kwanza utapata mahali halisi ndani ya kodi ya faili. Fanya hivyo kwa ajali zote ulizonazo. Zikiangukia mahali pamoja, mshukiwa ni faili hiyo au hitilafu ya kudumu ya programu. Zikitawanyika huku na huko, kwenye faili tofauti zisizohusiana, acha faili kwanza ufikirie RAM au prosesa. Hesabu hii ndogo ya kutoa huchukua dakika chache, na mimi naiweka mbele ya kipimo kingine chochote, kwa sababu inakuambia utafute wapi kabla hujagusa kitu.

Kundi la pili la dalili ni ujumbe unaoanza na "could not load library" au "incompatible library". Ukimalizika na "invalid ELF header" au "file too short", hakuna cha kujadili: faili imekatika au imejaa takataka. Faili yoyote ya programu iliyokompailiwa kwenye Linux huanza na baiti nne, 7f 45 4c 46, na ukiisoma kwa amri ya file utaambiwa mara moja kama ni ELF au ni "data" tu. Ukimalizika na "undefined symbol" au "version mismatch", faili huenda ni nzima ila haikutengenezwa kwa ajili ya seva hii. Tangu toleo la 8.2, PostgreSQL inadai kila kiendelezi kiwe na alama ya toleo ndani yake, na ndiyo maana inaweza kukukatalia waziwazi badala ya kuanguka.

Dalili ya mwisho ni ile inayodanganya. Utafutaji kwa kutumia faharasa unakosa safu ambayo unaiona kwa macho ukisoma jedwali zima. Hapa uharibifu wa programu unawezekana, lakini uliza kwanza kama mfumo umesasishwa karibuni. Toleo la 2.28 la glibc, lililotoka mwaka 2018, lilibadilisha mpangilio wa herufi kwa lugha nyingi, na waliohamia Debian 10 wakiwa na data ileile walijikuta na faharasa za maandishi zisizoaminika, ilhali kila faili ya programu ilikuwa nzima. Dawa yake ni REINDEX.

Ni faili zipi hasa?

Watu hupima faili moja, /usr/lib/postgresql/15/bin/postgres, wakaridhika. Haitoshi. Seva yako inaendeshwa na makundi matatu ya faili. La kwanza ni programu zenyewe pamoja na maktaba zilizo chini ya /usr/lib/postgresql/15. Kwenye Red Hat, kwa vifurushi vya mradi wa PostgreSQL, ni /usr/pgsql-15. La pili ni maktaba za mfumo ambazo postgres huziazima: libc, libssl, libxml2, libicu na nyinginezo. Amri ya ldd itakupa orodha. Usiiendeshe ldd kwenye faili unayoishuku kuwa imepandikizwa na mtu, kwa kuwa inaweza kuitekeleza faili hiyo. Tumia readelf -d badala yake. Na usishtuke ldd -r ikikuambia kwamba plpgsql.so ina majina yasiyopatikana. Majina hayo huyapata kutoka kwa postgres baada ya kupakiwa.

Kundi la tatu ndilo linalosahauliwa: viendelezi ambavyo hifadhidata yenyewe inaviita. Iulize:

SELECT DISTINCT probin FROM pg_proc WHERE probin IS NOT NULL;

Rudia swali hilo katika kila hifadhidata iliyo kwenye seva, kwa sababu kila moja ina orodha yake. Ongeza na yaliyotajwa kwenye shared_preload_libraries, pamoja na maktaba za kutafsiri mabadiliko kama wal2json, ambazo hazionekani kwenye pg_proc. Majibu ya kawaida huanza na $libdir. Ukiona njia inayoelekea /tmp, au ndani ya saraka ya data, simamisha kila kitu. Hiyo si faili iliyoharibika, hiyo ni dalili ya mtu aliyeingia, aliyetengeneza kitendaji cha lugha ya C ili seva imtekelezee maktaba yake mwenyewe.

Kupima

Kwa vifurushi vilivyowekwa kwa apt, Debian huhifadhi hashi ya kila faili ndani ya /var/lib/dpkg/info. Endesha:

debsums -c

bila jina la kifurushi, ipime mashine nzima. Kama debsums haijawekwa, dpkg --verify itafanya kazi hiyohiyo. Kwenye Red Hat ni rpm -Va, na matokeo yake yana utajiri unaostahili kusomwa kwa makini. Kila faili yenye tofauti huja na herufi: S ni ukubwa, 5 ni hashi, T ni muda wa kubadilishwa. Ukiona S.5....T. mbele ya faili ya programu, mtu au kisakinishi ameibadilisha. Ukiona ..5...... peke yake, yaani yaliyomo yamebadilika lakini ukubwa na tarehe vimebaki vilevile, hapo kuna mambo mawili tu: vifaa vimeharibu baiti, au mtu amejitahidi kuficha alichofanya. Mistari yenye herufi c ni faili za mipangilio ulizohariri mwenyewe, ipite.

Viendelezi vilivyokompailiwa hapohapo kwa make install haviko kwenye orodha hizo. debsums haitasema lolote kuvihusu, na ukimya huo wengi huusoma kama uzima. Jaribu dpkg -S pamoja na njia ya kila .so uliyoipata kwenye pg_proc. Isiyo na mwenyewe, iandike pembeni: hiyo itahitaji hashi utakayoiweka wewe.

Sasa tuseme faili moja imeonekana mbovu. Usikimbilie kuisakinisha upya. Kipimo ulichofanya kimesoma faili kupitia kashe ya kerneli, iliyo kwenye RAM, na huenda diski haikuguswa kabisa. Soma mara mbili:

sha256sum /usr/lib/postgresql/15/bin/postgres
dd if=/usr/lib/postgresql/15/bin/postgres iflag=direct bs=1M | sha256sum

Amri ya kwanza inasoma kilicho kwenye RAM, ya pili inaruka kashe na kwenda diskini moja kwa moja. Inafanya kazi kwenye ext4 na XFS, na huhitaji kusimamisha huduma. Hashi zikitofautiana, na ya diski ndiyo iliyo sahihi, faili yako haina kosa. RAM ndiyo imeharibu nakala inayotumika. Ukiisakinisha upya tatizo litatoweka, utafurahi, na RAM ileile mbovu itaendelea kugusa kurasa za data zinazosubiri kuandikwa. Kufuta kashe kwa drop_caches hakutoshi kwa kipimo hiki, kwa kuwa kurasa za programu inayoendelea kutumika hazifutwi.

Kuna na hali nyingine inayochanganya: faili iliyopo diskini sio inayoendeshwa. Baada ya kusasisha kifurushi, mchakato wa zamani huendelea na faili ya zamani hadi uwashwe upya. Tazama kwa ls -l /proc/PID/exe. Neno "(deleted)" mwishoni lina maana hiyo. Unaweza kuendesha sha256sum juu ya /proc/PID/exe na ukapata hashi ya kile kinachoendeshwa kweli.

Soma umbo la uharibifu

Hapa ndipo uchunguzi unapozaa matunda, na ndipo wengi wanaporuka. Nakili faili mbovu uiweke mahali salama. Kwenye mashine nyingine, pakua kifurushi cha toleo lilelile kwa apt download, kifungue kwa dpkg-deb -x, kisha linganisha:

cmp -l mbovu nzima

Utapata safu tatu: namba ya baiti, kisha thamani za pande zote mbili kwa mfumo wa nane. Mstari ukiwa mmoja tu, na thamani zikitofautiana kwa biti moja, kama 101 na 141, una RAM mbovu au njia mbovu kati ya RAM na diski. Ukikuta kipande kizima cha baiti 4096 ni sufuri, kilichoanzia kwenye kizidishio cha 4096, hiyo ni kazi ya mfumo wa faili: umeme ulikatika kabla yaliyomo hayajafika diskini. Kipande cha baiti 512 kinaelekeza kwenye sekta ya diski. Mistari maelfu kwa maelfu iliyotapakaa faili nzima, pamoja na ukubwa tofauti, ni toleo jingine kabisa la programu. Na tofauti chache zilizokusanyika sehemu moja ya kodi, zenye maagizo yanayosomeka vizuri ukizitazama kwa objdump -d, hazijatokana na bahati mbaya. Mpigie simu mtu wa usalama.

Umbo likishakuelekeza, thibitisha upande wa vifaa. Kwa diski, smartctl -a: angalia Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector, au kwa NVMe mstari wa Media and Data Integrity Errors. Kwa RAM yenye ECC, soma hesabu za makosa kwa ras-mc-ctl --errors. Isiyo na ECC itabidi uizime seva uiachie memtest86+ usiku kucha. Usidhani RAM ni kitu cha kuaminika tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu mashine za Google ulikuta zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM vikipata kosa angalau mara moja kwa mwaka.

Ikiwa faili ni nzima diskini, nzima kwenye RAM, na programu bado inaanguka au inatoa majibu ya ajabu, mshukiwa ni prosesa. Mwaka 2021 wahandisi wa Facebook walieleza kisa cha kiini kimoja cha prosesa kilichokokotoa 1.1 kwa kipeo cha 53 kikatoa sufuri badala ya 156. Matokeo yake faili zilihesabiwa kuwa hazina kitu, zikapotea. Hakuna hashi ya faili ya programu ambayo ingegundua hilo.

Kuna sababu moja ya kibinadamu inayotokea sana. Mtu anakompaili kiendelezi kipya, halafu anakipeleka kwa cp juu ya .so iliyopo huku seva ikiendelea. Kwa faili ya postgres yenyewe Linux ingemkatalia kwa ujumbe wa "Text file busy". Kwa maktaba za .so haikatai. cp huifupisha faili ileile na kuiandika upya chini ya miguu ya michakato inayoitumia, nayo huanguka kwa signali 7 au 11. Weka faili mpya kwa jina jingine katika saraka hiyohiyo, kisha ihamishe kwa mv. Michakato ya zamani itabaki na faili ya zamani hadi imalize.

Shahidi aliye nje ya mashine

Orodha ya hashi iliyo kwenye seva ileile inakulinda dhidi ya ajali tu. Aliyepata mamlaka ya root anaweza kubadilisha faili, orodha, na hata amri ya sha256sum yenyewe. Kwa hiyo tengeneza orodha yako siku ambayo una hakika na seva, yaani mara baada ya kusakinisha na kuwasha upya:

find /usr/lib/postgresql /usr/lib/x86_64-linux-gnu -type f -print0 | sort -z | xargs -0 sha256sum > orodha.sha256

Ihamishie mashine nyingine. Kila usiku, mashine hiyo ya pili ndiyo iingie kwenye seva, ichukue hashi mpya, ilinganishe na kuhifadhi matokeo pamoja na tarehe. AIDE hufanya kazi hii kwa upana zaidi na inapatikana kwenye Debian na Red Hat. Ukipenda kwenda mbali, ZFS na Btrfs hukagua yaliyomo kwenye kila faili, na fs-verity, iliyo ndani ya kerneli tangu toleo la 5.4, hukataa kusoma faili iliyobadilishwa. Ukishuku uvamizi, usipime kutoka ndani: washa mashine kwa kifaa safi, unganisha diski kwa kusoma tu, ndipo upime.

Hata hivyo hashi sahihi inathibitisha jambo moja tu, kwamba faili ni ileile uliyopewa. Mwezi Machi 2024 Andres Freund, mmoja wa waandishi wa PostgreSQL, alikuwa akipima kasi ya hifadhidata hiyo kwenye tawi la Debian lisilo thabiti (unstable). Akaona kuingia kwa SSH kunakula prosesa kupita kiasi na kuchelewa takriban nusu sekunde. Alifuatilia mpaka akakuta mlango wa siri ndani ya liblzma, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz. Maktaba hiyo ililingana na hashi za kifurushi chake, kwa kuwa uharibifu uliingizwa kabla ya kufungashwa. Aliyeufichua ni mtu aliyejua mashine yake huwa inachukua muda gani. Andika basi, pamoja na hashi, muda ambao seva yako huchukua kwa kazi za kawaida: kuunganisha, kuendesha swali lilelile moja, kufanya bakapu.

Baada ya kuipata

Ukijua chanzo na kukiondoa, rudisha kifurushi kwa apt install --reinstall postgresql-15, au dnf reinstall kwenye Red Hat, katika saa ambayo seva kuzimika hakutaumiza mtu. Pima tena kwa debsums na kwa dd.

Kisha rudi kwenye data, kwa sababu programu mbovu imekuwa ikiiandika. pg_amcheck --all --heapallindexed hupima majedwali na faharasa. Ilikuja na toleo la 14. pg_dump inayoelekezwa /dev/null huilazimisha seva isome kila safu, na mara nyingi huibua yale ambayo faharasa imeyaficha. Usiitegemee seva ya nakala kuwa salama kwa kuwa tu faili zake za programu ni nzima: yenyewe hupokea mabadiliko yaliyoandikwa na ile mbovu na kuyafuata yalivyo.

Swali la mwisho ni bakapu ipi uiamini, na hapo matokeo ya kila usiku yanalipa gharama yake. Tafuta usiku wa mwisho ambao hashi zililingana. Bakapu iliyofanywa kabla ya hapo iweke kando isifutwe na ratiba, na zile za baadaye zirejeshe kwenye mashine ya majaribio, uzipime kwa pg_amcheck moja baada ya nyingine kabla ya kuziita bakapu.